Nondo wa Kivulini na Nondo wa Juani

Nilikwenda Bukoba mjini kuhani msiba wa Yusufu, niliyefanya naye kazi ujanani, na huko ndiko binti yake mkubwa alikoniuliza, mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani, kama ni kweli kwamba baba yake aliwahi kukaa miezi sita bila kusema nami kwa sababu ya mdudu. Wanawake wakacheka, kicheko kile cha msibani ambacho kinatafuta pa kutokea. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya tangawizi. Chai ilinimwagikia pajani, nami sikusikia moto wake mpaka jirani yangu aliponifuta kwa upindo wa kanga. Nimefundisha shule Muleba mpaka nimestaafu, nimezika mume, nimeona bendera ikibadilishwa, na bado swali lile lilinikuta kana kwamba nimesimama uwanjani Kaagya nikiwa na miaka kumi na tisa. "Ni kweli," nilimjibu. "Na haki ilikuwa yake." Nikiwa njiani kurudi Muleba niliamua kuuandika mwaka ule. Waliouona wamebaki wachache, na kati yao mimi ndiye niliyeusema vibaya.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimemaliza masomo kwa masista pale Kashozi, nasubiri nafasi ya ualimu, wakati majani ya mibuni yalipoanza kuungua bila moto. Yalitokea madoa ya rangi ya udongo, yakapanuka, jani likakauka na kudondoka likiwa bado na ubichi pembezoni. Serikali ikamleta Bwana mmoja wa wadudu. Alikuwa mrefu, mwenye kikohozi kikavu, na shingoni alivaa kioo cha kukuzia kilichofungwa kwa kamba ya kiatu, kwa hiyo watu wakamwita Bwana Lenzi. Nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa anatafuta mtu anayejua Kiingereza na Kihaya, mwenye mkono wa kuchora. Masista wakamwonyesha daftari langu, lililokuwa na mchoro wa ua la mbuni na mguu wa senene, panzi tunaowala. Alilitazama muda mrefu, akaniuliza, "Huu mguu umeuchora kutoka kitabuni?" Nikasema, "Hapana, kutoka sahanini." Akacheka mpaka akakohoa, na kesho yake nikaanza kazi.

Chumba chetu cha kazi kilikuwa ghala la zamani lenye dirisha moja linalotazama migomba. Meza ilikuwa mlango uliolazwa juu ya mapipa mawili. Juu yake zilipangwa chupa za jamu zilizofunikwa vitambaa, kila chupa na jani lake la mbuni, kila jani na karatasi ya jina la mahali lilikotoka. Yusufu ndiye aliyezitunza. Alikuwa kijana wa mjini Bukoba, baba yake mtu wa pwani aliyekuja huku na biashara akaoa Mhaya, na alizungumza Kiswahili ambacho mbele yake Kiswahili changu kilisikika kama katekisimu. Niliposema "wadudu hawa wamekwisha kuzaliwa", yeye alisema "washatoka hao, dada, watazame". Alifunga duka saa ya swala, yaani alifunika chupa zake kwa gunia na kutandika mkeka nje, kisha akarudi na kuuliza kama kuna aliyetoka wakati yeye hayupo. Kwenye kibakuli chake cha chakula cha mchana mara nyingi kulikuwa na wali na maharage ya nazi, nami nilikuwa na ndizi zangu zilizopoa, tukabadilishana nusu kwa nusu bila kuambiana asante.

Siku nilipomwona nondo kwa mara ya kwanza nilishtuka kwa namna ambayo sikuijua. Nilitazamia kipepeo. Bwana Lenzi alinipa kioo, nikaona kitu kifupi kuliko punje ya mchele, cheupe kama fedha, chenye manyoya kwenye ncha za mbawa na kidoa cheusi, kimekaa ubavuni mwa chupa kana kwamba kimesahauliwa hapo. "Ndiye huyo?" nikauliza. "Anayemaliza kahawa ya Bukoba nzima?" Bwana akasema, "Mtoto wake. Yeye mwenyewe hali kitu cha maana." Wiki baada ya wiki tukamfuata. Yai ni dogo kuliko ncha ya sindano, lililobandikwa juu ya jani. Kiwavi anatoboa chini ya yai na kuingia moja kwa moja ndani, akaishi kati ya ngozi ya juu ya jani na ngozi ya chini, kama mtu anayelala kati ya shuka mbili, akila pale pale alipolala. Ukikwangua doa kwa ukucha unamkuta humo, mweupe, bapa, akijikunja kwa aibu ya mwanga. Akishiba anachana dirisha, anashuka kwa uzi wake mwenyewe mpaka kwenye jani kavu chini ya mbuni, na hapo anajifumia kifuko cheupe kilichokazwa kwa nyuzi pande mbili kama machela. Baada ya siku kadhaa nondo anatoka, na mambo yanaanza upya. Nilichora kila hatua. Sijawahi kuwa na furaha safi kama ile, na ndiyo sababu nashindwa kuusimulia mwaka ule bila kuanzia hapo.

Kazi ya shambani ilikuwa Kaagya. Ilikuwa mbali kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo nilipangiwa kulala kwa mjane mmoja, Ma Kokugonza, ambaye kibanja chake, shamba la migomba lililozunguka nyumba, kilikuwa na mibuni mingi upande wa juu wa kijiji. Alinipa chumba cha mwanawe wa pekee, Deogratias, aliyekuwa kisiwani Goziba akivua. Chumba kilikuwa na kitanda cha miti, sakafu ya nyasi zilizobadilishwa kila Jumamosi, na harufu ya moshi na ndizi zinazoivishwa. Alfajiri nilisikia migomba ikipigana majani kwa upepo, sauti kama ya watu wanaokunja nguo. Ma Kokugonza alimenya ndizi amekaa chini, miguu kaikunja upande mmoja, akitupa maganda nyuma yake bila kutazama, na maganda yalianguka kila siku mahali pale pale, kwenye shina la mgomba uliokuwa karibu na kaburi la mumewe. Tulikula ndizi na maharage, na Deogratias alipotuma samaki wakavu, ndizi na samaki. Alikuwa hasemi sana nikiwepo. Lakini jioni majirani walipokuja kutafuna punje za kahawa, kama ilivyo desturi yetu, niliwasikia kupitia ukuta wa matete.

"Huyu binti wa Bwana Lenzi anafuga funza chumbani," alisema mmoja.

"Anawachora," alisema Ma Kokugonza. "Amemchora mmoja mpaka nikamwonea huruma."

"Na kahawa yako anaichora ikikauka?"

"Anasema wakishajua mdudu ni yupi watajua la kufanya. Nimemwamini. Mtu anayetazama kitu kidogo namna ile hawezi kuwa anacheza."

Nililala na maneno hayo kama mtu aliyevikwa nishani. Naona haya kuyaandika.

Sasa naomba msomaji avumilie jambo moja dogo la kitaalamu, maana mambo yote yaliyofuata yamening'inia hapo. Vitabu vya Bwana Lenzi vilisema kuna nondo wawili wanaofanana kabisa, mtu hawezi kuwatofautisha kwa mbawa wala kwa kidoa. Tofauti iko kwenye mayai. Mmoja huyapanga kwenye mstari kando ya mshipa wa jani, yamegusana kama shanga. Huyo hupenda kivuli. Mwingine huyatawanya juu ya jani, hapa moja, pale moja, na huyo hupenda jua. Kwenye mibuni ya Kashozi, iliyosimama chini ya miti mikubwa, tuliyakuta mayai ya mstari. Yusufu ndiye aliyeanza kuona kwamba majani ya Kaagya hayafanani na hayo. "Dada Leokadia, tazama chupa hizi za kwa bi mjane," alisema. "Hawa wamemwaga tu, kama mtu anayepanda ulezi." Nikatazama majani ishirini, nikatazama mengine, na kweli, kote yalikuwa yametawanyika. Nikachora majani mawili kwenye karatasi moja, la Kashozi kushoto na la Kaagya kulia, nikampelekea Bwana.

Alikuwa na homa siku hiyo, na juu ya meza yake palikuwa na barua ya wakubwa wake wakitaka jibu kabla ya mwezi kwisha. Aliweka kioo jichoni, akatazama jani la kulia, akakitoa. "Mvua imeyasogeza," alisema. "Au wewe umeyagusa kwa kidole." Nikasema sikuyagusa. Akasema kahawa yote ya huku ina kivuli cha migomba, na mdudu wa kivuli ndiye anayetarajiwa, na jambo likiwa na majibu mawili wakubwa hawalisomi. Kisha akachukua mkasi akaikata karatasi yangu katikati, taratibu, bila hasira, akaweka nusu ya kushoto ndani ya bahasha. "Mchoro huu ni mzuri kuliko wowote nilioletewa," alisema. "Utachapishwa. Jina lako litakaa chini yake." Nami niliyekuwa nimefungua mdomo nikaufunga. Ningependa kusema nilimwogopa. Lakini sikumwogopa, alikuwa mtu mpole. Niliwaza jina langu likiwa limechapwa kwa herufi za mashine, masista wakilisoma, na nikaondoka na nusu ya kulia mkononi.

Baraza lilifanyika uwanjani Kaagya siku ya Jumatano, asubuhi. Mkuu wa kijiji aliwaketisha wanaume mbele na wanawake nyuma, ila Ma Kokugonza alikuja mbele kwa sababu alikuwa mwenye kibanja. Bwana Lenzi alisema kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, akinisubiri. Mimi nilisema kwa Kihaya. Nilisema mdudu amejulikana. Nilisema ni nondo anayependa kivuli. Nilisema migomba yote iliyo katikati ya mibuni, upande wa juu wa Kaagya, ikatwe ili jua liingie, na miti ya misambya ipunguzwe matawi, na kwamba hii ni amri. Ukaja mngurumo mdogo. Yusufu alikuwa amesimama kando ya gari, amekumbatia sanduku la chupa, na macho yake hayakuwa kwa Bwana, yalikuwa kwangu. Alikuwa anangoja. Ma Kokugonza akainuka, akajifunga vizuri nguo yake, akasema, "Mwanangu, muulize Bwana. Ana uhakika?"

Mpaka leo nikifumba macho nasikia jinsi alivyosema "mwanangu". Bwana Lenzi aligeuka kunitazama, akisubiri nimfasirie. Sikumfasiria. Nilimjibu mwenyewe, kwa Kihaya, kwa sauti ya kutosha uwanja mzima: "Ana uhakika, mama." Kisha nikamgeukia Bwana nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anauliza wataanza lini. Akasema, "Jumatatu." Ma Kokugonza akaketi. Nilikuwa kama mtu aliyejiona kwenye kioo akifanya jambo asilokusudia. Mdomo wangu ulikuwa umetenda kabla yangu, na haukurudi nyuma. Yusufu aliingia ndani ya gari akafunga mlango. Jioni ile, wakati tunapakua chupa Kashozi, aliniambia maneno ya mwisho kabla ya ile miezi sita: "Yeye hajui Kihaya, dada. Wewe ndiye mdomo wake. Kwa hiyo aliyesema ni wewe."

Waliokata walikuja Jumatatu na mapanga, watu wa kijiji chenyewe, kila mmoja akikata kwa jirani ili asikate kwake. Mgomba ukikatwa haulii kama mti. Unatoa sauti ya kitu chenye maji, kisha unainama polepole, na majani yanapotua yanasema shhh, kama mama anayenyamazisha mtoto. Nilisimama mlangoni na daftari, kwa sababu nilikuwa nimeagizwa niandike. Mikungu michanga ilidondoka ikiwa na maua yake. Utomvu ulimrukia kila mtu, ukawa madoa meusi kwenye nguo ambayo hayakutoka tena. Niligundua kwamba sikuwa nimewahi kuliona anga juu ya nyumba ile. Sasa liliingia lote kwa pamoja, jeupe, na kuku wakakimbilia ndani. Kaburi la mumewe, lililokuwa siku zote kwenye ubaridi wa kijani, lilibaki juani kama kitu kilichovuliwa nguo. Ma Kokugonza hakulia. Alitoka na kikapu, akaanza kuokota ndizi changa moja moja, na alipofika kwangu alisema kwa upole, "Sogea kidogo, mwanangu, umekanyaga moja." Nilitazama chini. Kweli nilikuwa nimeikanyaga.

Tulikula ndizi zile changa kwa majuma matatu. Baada ya hapo tulikula mihogo ya kupewa, na baada ya hapo nilianza kuleta unga kutoka Kashozi, naye alipika ugali kama mtu anayepika dawa, akaniwekea, mwenyewe akanywa maji ya moto. Mtu asiye Mhaya labda hataelewa. Kwetu nyumba isiyo na ndizi haisemwi kuwa na chakula hata kama ina magunia ya unga mpaka darini. Majirani hawakuja tena kutafuna kahawa. Asubuhi moja nikaamka nikakuta nyasi za sakafuni zimebadilishwa, ingawa haikuwa Jumamosi, na chungu kimepinduliwa. Jirani akaniambia kwa mbali, bila kukaribia ua: "Ameondoka na mashua. Amekwenda Goziba kwa mwanawe. Anakwenda kupikia wavuvi." Nilikaa chini pale pale mlangoni. Mwanamke mwenye kibanja chake, mwenye kaburi la mume wake, kwenda kupikia wanaume wasiojulikana kisiwani ambako kila mtu ni mgeni! Nilikuwa nimesikia mambo kama hayo yakisemwa juu ya watu wengine, wa mbali.

Na mibuni? Mibuni iliungua maradufu. Jua liliingia, na nondo walikuja pamoja nalo. Asubuhi ukitikisa tawi lilitoa moshi mweupe, nao moshi huo ulikuwa wao. Majani yalianguka mpaka miti ikabaki fito. Kuzunguka mpaka wa eneo lililokatwa, upande wa chini ambako migomba ilikuwa bado imesimama, kahawa ilikuwa na madoa lakini hai. Mtu yeyote aliweza kuona, hakuhitaji kioo. Katikati ya siku hizo kikafika kijitabu kilichochapwa. Bwana Lenzi alinipa kwa mikono miwili. Nikafungua ukurasa wenye jani langu, jani la Kashozi, lenye mayai ya mstari. Chini yake palikuwa pameandikwa kwamba limechorwa na msaidizi mwenyeji. Nilisoma mara tatu. Jina nililokuwa nimelibadilisha na kibanja cha watu halikuwepo hata lenyewe. Bwana akasema, "Wamefupisha. Samahani." Nikasikia kicheko, nikashangaa ni nani, kumbe ni mimi.

Yusufu hakusema nami siku zote hizo, ila hakuwa amekaa bure. Alikuwa akipanda kila Ijumaa baada ya swala, kwa miguu yake, kwenda Kaagya kuchuma majani, na kuyafuga kwenye chupa zake nyumbani kwao mjini ambako hakuna wa kuyakata kwa mkasi. Siku moja aliingia ghalani na sanduku, akaliweka mbele ya Bwana Lenzi, akasema kwa Kiswahili, pole pole ili aelewe: "Bwana, kila chupa ina majani ya mwezi wake. Kabla ya kukata, mayai yametawanyika. Baada ya kukata, yametawanyika. Hakuna mstari. Hakuna hata mmoja. Hakuna mvua ndani ya chupa." Bwana aliweka kioo jichoni. Alitazama chupa ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilimwona akifika mwisho, akarudi akaanza tena. Alipoinua uso alikuwa na rangi ya majivu. Hakumtazama Yusufu, alinitazama mimi. "Uliniambia," alisema. Kisha akauliza: "Kwa nini hukuniambia tena?"

Hilo ndilo swali nililobeba kwenda Goziba. Niliomba ruhusa, nikashuka ziwani, nikapanda mashua ya wavuvi iliyokuwa ikipeleka chumvi. Safari ilichukua siku nzima na nilitapika karibu yote. Ma Kokugonza nilimkuta juu ya mwamba akigeuza samaki juani, amekonda, mikono imepasuka kwa chumvi. Hakushangaa kuniona. Nilipiga magoti kwenye magamba ya samaki nikamsalimu, kisha nikasema yote bila kupumzika: majani mawili, mkasi, jina, na swali lake ambalo sikulifikisha. "Uliuliza kama ana uhakika," nilisema. "Sikumuuliza. Nilikujibu mwenyewe. Nilijua si kweli."

Alikuwa ameshika samaki mkononi. Alimgeuza, akamlaza, akamchukua mwingine. Nilitaka anipige. Ndege wa ziwani wakashuka wakaiba samaki na hakuwafukuza. Mwishoni alisema, kwa sauti ndogo ya mshangao, kama anayezungumza na mwenyewe, "Nilidhani ni Mzungu." Akarudia, "Siku zote hizi nilikuwa nikimchukia Mzungu." Kisha akafuta mikono kwenye nguo. "Haya ungeyasema kule. Hapa hakuna mwenye migomba. Unawasimulia samaki." Nikamwuliza kama atarudi nikiyasema. Akasema, "Sema kwanza."

Baraza la pili lilikuwa dogo. Bwana Lenzi aliliomba mwenyewe, kinyume cha ushauri wa wakubwa wake, na naliandika hilo kwa heshima. Alisema mdudu alitajwa vibaya, kwamba ni nondo wa juani, kwamba migomba haikupaswa kukatwa, na kwamba kosa ni lake. Nikafasiri neno kwa neno. Aliponyamaza mimi sikunyamaza. Nikasema kwa Kihaya, "Hayo ni maneno yake. Yangu ni haya." Bwana aliona nimeendelea, hakuelewa ninachosema, lakini alielewa nyuso. Nilipofika kwenye swali la Ma Kokugonza mzee mmoja aliinuka akaondoka. Mwingine akamfuata. Wanawake walifunika midomo kwa viganja. Mkuu wa kijiji, aliyekuwa amesimamia ukataji, alinitazama kama mtu aliyeona nyoka akitoka kwenye kikapu cha mtoto. Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana. Waliinuka mmoja mmoja, mpaka uwanja ukabaki na mimi, Bwana na Yusufu. Yusufu akaja akasimama karibu nami. "Haya, dada," alisema. "Tupakie chupa." Ilikuwa ndiyo salamu yake ya kwanza baada ya miezi sita.

Ma Kokugonza alirudi mwanzo wa mvua, na Deogratias pamoja naye. Habari za niliyoyasema zilikuwa zimefika kisiwani na mashua ya kwanza. Siku ya kupanda walikuja watu wa upande wa chini, ambao migomba yao haikuguswa, kila nyumba na machipukizi yake begani, na waliokatiwa wakaja na majembe. Nilikuja pia. Nilikuwa nimekwisha kuandika barua ya kuacha kazi kwa Bwana Lenzi, na sikuwa na kitu cha kuleta isipokuwa jembe la kuazima kwa masista. Nilisimama ukingoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisambaza machipukizi alipofika kwangu akanipita. Nikajaribu kuchukua moja kutoka chini, mume wake akaweka mguu juu yake. "Huyu asiguse," alisema. "Mkono huu usiguse mgomba wa mtu." Watu wakaacha kuchimba. Nilikubaliana naye. Niligeuka kuondoka.

"Mwacheni," alisema Ma Kokugonza kutoka huko alikokuwa ameinama, karibu na kaburi. Hakuinua hata kichwa. "Machipukizi asishike. Achimbe. Mashimo ni mengi, na mvua haitungoji."

Nilichimba. Hakuna aliyesema nami mpaka jua likavuka kati. Nilichimba shimo, nikasogea, wengine wakaja nyuma yangu wakapanda, na udongo ulikuwa mzito, mwekundu, wenye mizizi iliyokufa ya migomba ya zamani ambayo ilibidi niing'oe kwa vidole. Kila mzizi niliujua. Mchana walipoketi kula nilibaki shimoni nikiendelea, kwa kuwa sikujua mahali pa kuketi, mpaka nikasikia mtu amesimama juu yangu. Alikuwa Deogratias, ambaye nilikuwa nimelala kitandani kwake mwaka mzima bila kumwona. Alinitazama, nikaona hana hakika kama anitemee mate au anipe mkono, na mimi pia sikuwa na hakika. "Mama anauliza," alisema, "kama una uhakika kina cha shimo kinatosha."

Nikapima kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. "Sina uhakika," nilisema. "Mwambie aje aangalie mwenyewe."